Mwelekezi Aliyempigisha Mama Magoti

Watu wananiambia nimsamehe Mwelekezi kwa kuwa sasa ni mzee. Huwa nawajibu kwamba uzee si toba. Nitasimulia nilivyomjua, mazuri yake na mabaya yake, na sitamwongezea uovu hata kidogo, maana nikimwongezea watu watasema nimemsingizia, na hapo nitakuwa nimemsaidia.

Jina alikuwa nalo, lakini mjini Kisii hakuna aliyelitumia. Muuza nyama alimwita Mwelekezi, wazee wa kanisa walimwita Mwelekezi, hata mkewe ukimpigia simu alikwambia Mwelekezi anaoga. Alikuwa amefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na kila alikofundisha aliacha kabati la vikombe vya mashindano ya maigizo. Alipostaafu aliwakusanya vijana waliomaliza shule wakakosa pa kwenda, akaomba ukumbi wa jamii ulioko nyuma ya stendi, akatufanya kikundi. Mimi nilikuwa msichana ninayejifunza kusuka nywele. Niliingia siku moja kujikinga mvua, nikakuta watu wakibishana kama kweli, kumbe wanaigiza. Nikakaa.

Mazoezi hakuyatazama. Aliyasikiliza. Aligeuza kreti la soda chini juu, akalikalia, akavua viatu akaviweka kando, kisha akafumba macho. Mgeni angedhani amelala. Lakini ukisema mstari ambao wewe mwenyewe huuamini, alifungua jicho moja. Tuliliogopa jicho lile kuliko kelele za mtu yeyote.

"Ikonge," aliniambia mara ya kwanza liliponifungukia, kwa kuwa alituita sote kwa majina ya tulikotoka, "hapo umesoma. Sikukuambia usome."

Alitembea na chupa yake ya chai ya rangi, kwa kuwa aliamini maziwa yanafunga koo, na mwigizaji aliyeonekana na glasi ya maziwa siku ya onyesho alipewa mafunzo marefu. Alikuwa Msabato wa kweli, hivyo Jumamosi hatukumwona ukumbini, maana Sabato hafanyi kazi, na kwake mazoezi ni kazi. Ila onyesho likikaribia tulifanya mazoezi bila yeye siku hiyo, na akitoka kanisani, koti lake la kanisani mwilini na Biblia kwapani, alikuja akasimama nje chini ya upenu kana kwamba anasubiri mtu. Mstari ukikosewa alikohoa. Tukiurudia vizuri alinyamaza. Jumapili alikuja akauliza kwa upole jana tulifikia wapi.

Sauti niliyo nayo alinipa yeye. Nilipoanza nilinong'ona, nyumbani kwetu mtoto wa kike aliyepaza sauti alionekana amekosa adabu. Alinisindikiza mpaka Ikonge, akanisimamisha bondeni karibu na mto, yeye akapanda juu ya mlima mpaka kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, akaniambia nimtukane mpaka asikie. Nilimwita mzee mjinga, akatikisa kichwa. Nikamwita mwizi wa kuku, akatikisa kichwa. Wachumaji wakasimama na vikapu mgongoni kutazama msichana gani huyu anayemtusi mzee wa watu. Nilipomwita kinyonga mwenye suruali ya marehemu, akainua mkono juu: amesikia. Akashuka akicheka, akasema tusi la mwisho lilikuwa na picha ndani yake, ndiyo maana lilifika.

Na huruma alikuwa nayo, sikatai. Mume wa mwenzetu mmoja alikuja ukumbini na fimbo kumtoa mkewe kwa nguvu, akisema mke wa mtu hachezi mbele za watu. Sote tulirudi nyuma. Mwelekezi alimtazama, akamwambia tumekosa mtu wa kuigiza askari, na kwamba hata hiyo fimbo anaishika sawasawa. Yule bwana alikaa nasi mpaka alipohamia Nakuru, na hakuna aliyewahi kuwa askari bora kuliko yeye.

Alikuwa na misemo yake. Alisema machozi ya mwigizaji ni wizi, mwache mtazamaji alie mwenyewe. Alisema mtazamaji ndiye mwenye nyumba na mchezo ndio mgeni, kwa hiyo mchezo ubishe hodi. Na tulipobishana naye sana alisema, "Sufuria ni ya wote, mwiko ni mmoja."

Huo wa mwisho ndio ulionitoa kwake.

Lazima ujue jinsi tulivyofanya kazi. Mwelekezi hakuandika michezo. Alituambia kila mmoja alete kutoka kwao kitu kinachomuuma, tukiigize kama kilivyo, tukivunje, tukijenge tena pamoja. Kilichokuwa na uhai kilibaki. Hapakuwa na mkubwa katika kuleta. Aliyechunga ng'ombe na aliyefika chuo walileta sawa. Siku zile zilikuwa tamu, na utamu wake ndio unaonifanya nichukie zaidi. Maana mabango yalipobandikwa mjini yalisema mchezo umetungwa na yeye. Tulipomuuliza alijibu kwamba bango ni dogo na sisi ni wengi. Tukacheka. Wakati huo bado tulikuwa tukicheka.

Mimi nilileta mama yangu.

Baba alipofariki, nikiwa ningali shule ya msingi, ndugu zake walisubiri matanga yaishe kisha wakaja. Walimwambia mama kwamba shamba la majani ni la ukoo, na kwamba yeye amezaa wasichana tu, kwa hiyo hana wa kumwekea. Arudi kwao. Lakini ile michai aliipanda yeye. Baba alikuwa kazini mbali. Mama alifyeka mteremko uliokuwa kichaka, akabeba miche kichwani na mimi mgongoni, akaipalilia miaka akiingoja ifike kuchumwa. Asubuhi ile baba zangu wadogo na mkubwa wao walipokuja kusema la mwisho, mama alichukua panga akaikata michai yote, safu baada ya safu, chini kabisa, mchana kweupe, majirani wakiwa njiani wanapeleka majani kituoni. Niliporudi kutoka shule kwa chakula cha mchana nilimkuta akiendelea kukata, na wanaume wale wamesimama wima kama nguzo za ua. Kisha alitufungia virago tukaenda Kisii, akauza ndizi katika soko la Daraja Mbili, akatusomesha.

Kila mkulima anajua michai ikikatwa huchipuka. Mama pia alijua. Nilipomuuliza ukubwani kwa nini basi alijichosha, alinijibu kwa Ekegusii, lugha yetu, bila hasira, kwamba alitaka nao waingoje.

Niliyasimulia hayo yote ukumbini. Mwelekezi alikuwa amefungua macho yote mawili. Alisema, "Huo ndio mchezo wetu," na akanipa mimi kumwigiza mama. Ombati, kijana mrefu wa Nyansiongo, akawa shemeji mkubwa. Nilirudi nyumbani siku hiyo kama niliyebebwa.

Ugomvi ulianzia kwenye Kiswahili. Mama katika mchezo wangu alisema, "Hii chai nilipanda na mkono yangu." Ndivyo mama asemavyo akiongea na mtu asiyejua Ekegusii, na ndivyo inavyosemwa sokoni kwetu kuanzia Keroka mpaka Suneka. Mwelekezi alifungua jicho. Akataka niseme, "Michai hii niliipanda kwa mikono yangu mwenyewe." Nikamwambia mama hakuwahi kusema hivyo maishani mwake. Akasema jukwaa si soko, na kwamba watu wa pwani na wa Nairobi wanatucheka sisi watu wa milimani kwa ngeli zetu, na yeye hatawapa chakula. Nilimwelewa. Alikuwa amechekwa ujanani, alitusimulia, mbele ya darasa zima, kwa kusema kitabu yangu. Lakini kidonda chake kilikuwa chake. Sioni kwa nini dawa yake anywe mama yangu. Tulibishana mpaka sauti zikakauka, na mwishowe nilikubali mstari wake, nikijiambia maneno ni nguo tu. Na Kiswahili hiki ninachomsema nacho leo, ngeli zake zote zikiwa mahali pake, ni yeye aliyenifunza. Ninakitumia kama nilivyotumia sauti aliyonipa pale mlimani.

Kisha tukafika mwisho wa mchezo. Siku moja alikuja na wimbo. Akasema mama hatakata michai. Mama atapiga magoti mbele ya mashemeji, aombe, wao walainike, wamwinue, na wote waimbe.

Nikadhani anatania. Nikamwambia, "Mama yangu hakupiga magoti."

"Najua hakupiga," alisema. "Lakini kisasi hakina wimbo, Ikonge. Watu wanatoka kwao na vidonda. Nitawarudishaje nyumbani na vidonda vilevile?"

Nilimwambia vidonda si vyake kuviziba. Ndipo alipovaa viatu, jambo ambalo hakulifanya katikati ya mazoezi, akasimama. Alituambia kwamba amezika wanafunzi wake kwa ajili ya mashamba. Ndugu na ndugu, panga na panga. Hataki mtu atoke kwenye mchezo wake akiwa na panga kichwani. Alisema hayo kwa sauti ya chini na nilijua hadanganyi. Lakini mama hakumkata mtu. Alikata majani. Nilisema hivyo, na Ombati akaniunga mkono, na wengine wakaniunga mkono, na mtu mmoja akasema basi tupige kura kwa kuwa mchezo ni wa pamoja. Mikono karibu yote iliinuka upande wangu.

Mwelekezi aliitazama ile mikono. Akasema sufuria ni ya wote, mwiko ni mmoja. Akarudi kwenye kreti lake, akavua viatu, akafumba macho. "Kutoka kwenye magoti," akasema.

Tulionyesha mara ya kwanza Nyamira. Mama alikuja. Alivaa gauni la kanisani, akaja na majirani wa zamani kutoka Ikonge, akakaa safu ya mbele kwa kuwa alisikia binti yake anaigiza maisha yake na hakujua zaidi ya hapo. Sikuwa nimemwambia kuhusu mwisho. Mpaka dakika ya mwisho niliamini Mwelekezi atabadili mawazo. Nilipiga magoti mbele ya Ombati, nikasema kwa Kiswahili safi kabisa kwamba niliyoipanda kwa mikono yangu mwenyewe naiacha mikononi mwao. Ukumbi ukalia. Wimbo ukaimbwa. Watu walisimama kupiga makofi, na safu ya mbele mama alikuwa amekaa, mkoba wake mapajani.

Njiani aliniuliza swali moja. "Yule mama aliyepiga magoti ni wa wapi?"

Hakuuliza tena.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo chuki yangu ilipopata mizizi. Baba mkubwa, yule yule shemeji mkubwa wa kweli, alikuwa ukumbini siku ile. Alikaa nyuma, akapiga makofi. Wiki haikuisha, akawa anasema kwenye kituo cha majani kwamba hata mtoto wa yule mwanamke ameonyesha mbele ya watu jinsi mamake alivyoomba radhi. Waliokuwa hawakumbuki vizuri wakaanza kukumbuka magoti. Waliokuwa njiani asubuhi ile na vikapu vyao, walioona kwa macho yao, wakaanza kusema pengine kulikuwa na magoti kabla, wao walifika baadaye. Mama alikuwa amemiliki kitu kimoja tu kutoka kwenye ndoa ile, yaani asubuhi yake, na Mwelekezi aliichukua akawapa wale wale waliomchukulia shamba.

Nilimwendea nikamweleza yote hayo. Alisikiliza macho yakiwa wazi. Akasema inasikitisha, lakini mchezo si mkutano wa ukoo. Kisha akaniomba nipunguze kasi ya kupiga magoti.

Onyesho lililofuata lilikuwa la mashindano, Kisii, mbele ya waamuzi na wageni waheshimiwa. Jukwaani tulikuwa na matawi ya michai tuliyoyasimika kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia iliyojaa udongo, kuwa shamba. Nilimwomba Ombati alete panga la kwao, lile la kweli. Hakuniuliza la nini. Alilileta limefungwa kwenye gunia, akaliacha nyuma ya mkebe wa mwisho.

Zamu ya magoti ilipofika sikupiga. Ombati alikuwa bado anasema maneno yake ya kunifukuza nilipogeuka, nikalichukua panga, nikakata tawi la kwanza. Akatulia katikati ya neno. Nikakata la pili, na yaliyofuata, mpaka mikebe ikabaki na vishina. Kisha nikasema kwa sauti ile niliyoipata bondeni, "Hii chai nilipanda na mkono yangu. Sasa nyinyi mngoje, kama vile mimi nilingoja."

Kulikuwa na kina mama wa soko kule nyuma, walioingia bure. Walisimama kwanza. Hawakupiga makofi, walipiga vigelegele vile vya harusini. Ukumbi wote ukainuka. Nilisimama pale nikisema moyoni, sasa mama, sasa.

Mwelekezi akatokea pembeni, miguu mitupu. Nilifikiri anakuja kunipiga. Alinishika mkono akauinua juu, akachukua kipaza sauti, akasubiri watu watulie. Akasema, "Kwa muda mrefu nimekuwa nikiutafuta mwisho wa mchezo huu. Leo nimeupata."

Nimeupata. Yeye.

Tulishinda. Kombe alilipokea yeye. Redioni alieleza vizuri sana jinsi alivyowaza kwamba kisasi cha mama kisimwage damu bali kiangukie majani, na jinsi alivyoamua makusudi mstari ule mmoja usiwe Kiswahili sanifu, ili ukwaruze sikio. Mtangazaji akamsifu kwa ujasiri. Nilikuwa nasuka mteja nywele redio ikiwa juu ya kabati, nikamvuta mpaka akalia.

Niliondoka kwenye kikundi chake siku iliyofuata. Ombati alinifuata, na wengine baadaye. Tulianza kujifunzia nyuma ya saluni yangu, karibu na Daraja Mbili, na kazi yetu ya kwanza niliitunga kwa ajili ya mtu mmoja. Ilikuwa vichekesho. Kulikuwa na mzee anayekalia kreti, miguu mitupu, macho yamefumbwa, ambaye kila aendapo anakohoa na kusahihisha watu. Anakwenda matangani, mjane analia kwamba mume wake imekufa, na mzee anafungua jicho moja anasema, "Amekufa, mama. Rudia kilio." Ombati alimwigiza mpaka mishipa ya shingo. Tulionyesha sokoni kwenyewe siku ya soko, kati ya ndizi na mitumba, na hatukuhitaji kumtaja mtu. Kina mama walicheka wakashika mbavu. Baada ya hapo Mwelekezi hakuweza kupita stendi bila makanga wa matatu kumkoholea.

Kama kuna anayengoja niseme niliona haya, naye angoje. Nilifurahi. Nilipoambiwa amefunga kikundi chake na kuhamia shambani kwake Nyansiongo, nilinunua nyama nikapika. Wapo wanaosema alihama kwa sababu ya afya. Mimi natumaini alihama kwa sababu yangu.

Miaka ikapita. Tuliurudisha mchezo wa mama, sasa wote kwa Ekegusii na Kiswahili cha soko, tukaupeleka mashuleni na viwanjani, Nyamira yote. Mwisho ulikuwa ule ule: Ombati akiwa katikati ya maneno, mimi ninakata. Kisha mwaka jana mke wa Mwelekezi akanipigia simu. Akaniambia koo limemshika mumewe, sauti imekwenda, madaktari wamekata kinachoweza kukatwa, na kwamba ananitaka. Nilikwenda. Nitasema kweli kwa nini nilikwenda: nilitaka kumwona bila sauti, na nilitaka aniombe msamaha.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye ua wa misiprasi, ng'ombe wakilishwa mabua ya mahindi. Alikuwa amekonda, shali shingoni. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayeburuta gunia. Nilimsalimu, "Mwelekezi, hujambo," naye akaniashiria niketi karibu, kwa kuwa mbali hasikiki. Akaniambia mjukuu wake amemwonyesha mchezo wetu kwenye simu. Ameutazama wote. Nikangoja.

"Ikonge," akasema, "unakata mapema."

Nilidhani sikusikia.

"Shemeji bado anaongea na wewe unakata. Unamsaidia. Unampa pa kujificha." Alipumzika kidogo. "Mwache amalize. Yote. Atafute la kuongeza akose. Asimame na ukimya wake. Ndipo ukate."

Nilimwambia sikuja kwa ajili ya maelekezo. Nikamuuliza kwa nini alisema mwisho ule ni wake. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. Akasema, "Ningesema nini mbele ya wageni? Kwamba watoto wangu wameniasi?" Hakuongeza neno samahani, wala halikuonekana likija. Akarudi palepale: ninakata mapema. Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa.

"Ulikuwapo?" akauliza.

Niliondoka bila kumaliza chai yake. Lakini swali lilipanda gari nami. Sikuwapo. Nilifika saa ya chakula nikamkuta mama anakata tayari.

Mama alikuwa anapukuchua maharagwe barazani. Nilimuuliza jinsi ilivyokuwa, mwanzo kabisa. Aliendelea kupukuchua akifikiri. Akaniambia aliwaacha waseme. Yule mkubwa alisema ya shamba, akasema ya watoto wa kike, akasema ya wazazi wa mama. Alipomaliza akawa anatafuta lingine la kusema na hakulipata, akabaki amesimama. "Niliposikia hana neno tena," mama alisema, "ndipo nikaenda kuchukua panga."

Nilikaa pale barazani muda mrefu nikimlaani yule mzee. Alikuwa amemsikia mama yangu akiwa mbali huko Nyansiongo, kwenye kisimu cha mtoto, vizuri kuliko mimi niliyemwigiza miaka yote.

Nilimwambia Ombati tubadilishe. Tulionyesha Ikonge, uwanjani, mama akiwepo. Ombati alisema yote, akafungua mdomo tena, akaufunga. Uwanja mzima ulimwona hana neno. Nilipokata tawi la kwanza kuna bibi mmoja alisema "Ee," taratibu, kama anayejibu sala. Tulipomaliza mama hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama mikono yake.

Baada ya hapo nilimwona Mwelekezi mara moja tu. Ilikuwa Daraja Mbili, siku ya soko, asubuhi. Walikuwa wanamrudisha kutoka hospitali. Alikaa kiti cha mbele cha pikapu, mkewe ameshuka kununua ndizi. Aliponiona alishusha kioo. Nilikwenda kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Aliniashiria nisogee, nikainama mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Ulibadilisha?" akauliza.

Macho yake yalikuwa wazi yote mawili. Hakuuliza habari ya mama, wala ya kazi. Alikuwa amelibeba hilo moja mpaka hospitali na kurudi nalo.

"La, Mwelekezi," nikasema. "Tumeuacha ulivyokuwa."

Alifumba macho. Nilifikiri atabishana, ila pumzi haikumtosha. Akasema ni hasara, akasema tena jambo ambalo sikulisikia na sikuinama kulisikia. Mkewe alirudi na mkungu wake, akanisalimu kwa uchangamfu, akanishukuru kwa kumjulia hali mzee. Nikawatakia safari njema. Pikapu likapanda kuelekea Keroka, nikaenda kufungua saluni.

Jumapili tuliigiza tena, Nyansiongo kwenyewe, kwenye uwanja wa shule usio mbali na kwake, ila yeye hakuweza kutoka nyumbani. Ombati alimaliza maneno yake, akatafuta mengine, akakosa. Nilimwacha. Niliuacha ukimya ukae mpaka watu wakaanza kujisogeza kwenye nyasi, mpaka Ombati mwenyewe akanitazama kwa wasiwasi. Kisha nikainua panga.